Bila hodi: saibapanki tunayoipenda, na bi harusi wa Ujiji

Leo hatuna mitindo ya hina wala kipimo cha pilau ya watu mia tatu. Mashoga wakija nyumbani huona rafu ya vitabu iliyo karibu na kabati la vyombo, wanauliza: hivi nyinyi mnasoma nini? Tunasoma vya dini, tunasoma Shafi Adam Shafi kama kila mtoto wa Unguja aliyepita skuli, na tunasoma saibapanki. Hapo ndipo huanza kucheka.

Basi tuwaeleze. Saibapanki ni tawi la hadithi za kisayansi. Jina lenyewe lilitoka kwenye hadithi fupi ya Mmarekani Bruce Bethke, iliyochapishwa mwaka 1983. Mwaka uliofuata William Gibson akatoa riwaya ya Neuromancer, na hiyo ndiyo iliyoutia nguvu mkondo mzima. Kinachotuchekesha sisi ni kwamba Gibson aliiandika riwaya hiyo ya kompyuta kwa taipureta. Mhusika wake, Case, ni mdukuzi aliyewaibia waajiri wake. Hawakumpeleka mahakamani. Walimharibu mishipa ya fahamu, asiweze tena kuingia kwenye ule mtandao uliokuwa riziki yake na ulevi wake. Wengi wenu hamjamsoma Gibson lakini mmeshawaona watoto wake: The Matrix ya mwaka 1999 ni mjukuu halali, na kaka zetu waliitazama kwenye mabanda ya video mpaka wakawa wanapinda migongo ovyo uani wakijifanya wanakwepa risasi.

Ukiwauliza hao kaka zetu saibapanki ni nini, watakwambia: mji mkubwa usiku, mvua, taa za rangi, watu wenye macho ya bandia na waya kichwani. Hayo ni mapambo. Ni kama mtu aseme harusi ni keki. Ukiyaondoa yote, hadithi inabaki. Chombo cha kisasa kimemfikia mtu wa chini kabisa, kimo mkononi mwake, lakini mwenye nacho hasa ni mwingine, yuko mbali, hana sura wala mlango wa kugonga. Chombo hicho kinaingia ndani: ndani ya nyumba, ndani ya mwili, ndani ya siri. Na huyo mtu wa chini naye hakai kimya. Anakigeuza, anakifanyia kazi ambayo aliyekiunda hakuiwaza.

Sisi tumelelewa kwamba mtu hupiga hodi mara tatu, asipojibiwa hurudi alikotoka. Surat an-Nur imetufundisha tusiingie nyumba za wengine mpaka tuombe ruhusa na tuwatolee salamu walio ndani, na Surat al-Hujurat imetukataza kupelelezana. Kwetu saibapanki ni hadithi za nyumba iliyoingiwa bila hodi. Ndiyo maana hatuoni ajabu yoyote wanawake wa Kiislamu kuzipenda. Sitara tunaijua thamani yake kuliko hao wanaoziandika.

Na msidhani jambo hili ni geni. Bibi yetu alikuwa akitutisha na mumiani: watu wanaokamata watu usiku, wanawanyonya damu, damu inakwenda kufanywa dawa huko mbali. Nairobi na Kampala za wakati wa ukoloni hadithi hiyo ilivaa sare, wakasema wanaofanya hivyo ni wazimamoto, na magari yao ndiyo yanayobebea watu. Itazameni vizuri. Kuna mashine mpya, kuna mwajiri asiyeonekana, kuna mwili wa maskini unaotolewa kitu cha ndani kikauzwe kwingine. Hiyo ni saibapanki kabla ya kompyuta kufika.

Sasa kwa nini Ujiji? Kwa sababu mmoja wetu ameolewa huko, na Mfungo Mosi uliopita tulikwenda sote kwenye harusi ya binti wa shemeji yake. Watu wa visiwani tuna tabia ya kuiona Kigoma kama mwisho wa dunia. Lakini Ujiji ni jirani yetu wa zamani. Njia ya misafara ilianzia Bagamoyo na kuishia pale ziwani, na Uislamu, Kiswahili na kanzu vilipita humo humo, pamoja na pembe za ndovu na, tusifiche, watu waliofungwa minyororo. Wageni hupelekwa kuona kumbukumbu ya Livingstone na Stanley waliokutana pale mwaka 1871. Sisi tulipelekwa pia. Tulikaa dakika kumi, tukaenda kununua mawese.

Kilichotukamata ni ziwa usiku. Mwezi ukiwa mchanga au umefichika, wavuvi wa dagaa huingia na taa zao. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni balbu za betri na za sola. Ukisimama ufukweni upande wa Katonga au Kibirizi unaona mji mzima umewaka juu ya maji, mji usio na nyumba hata moja. Chini yake kuna kina kinachofika karibu mita 1,470, ziwa la pili kwa kina duniani. Mmoja wetu alisema: haya, ndizo hizo taa zenu za saibapanki, tena bila mvua. Na mkitaka chombo cha zamani kilichoungwaungwa ili maisha yaendelee, kitu ambacho waandishi hawa wanakipenda sana, mfikirieni MV Liemba. Meli hiyo iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande na kufungwa kwenye masanduku, ikaunganishwa upya Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915. Mwaka 1916 Wajerumani wenyewe wakaizamisha wasije wakanyang'anywa, Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina jipya. Kigoma hapo hapo, kwa miaka mingi, umeme ulikuwa wa jenereta za dizeli, nje ya Gridi ya Taifa. Watu waliozoea hayo hawahitaji kufundishwa namna ya kuishi na mashine inayozimika.

Usiku wa pili wa safari yetu tuliweka laputopu juu ya meza ya chakula tukawaonyesha wenyeji wetu filamu tunayoiweka juu ya orodha yetu: Neptune Frost, ya Saul Williams na Anisia Uzeyman, iliyoonyeshwa Cannes mwaka 2021. Kisa chake kimewekwa Burundi, ingawa ilipigwa Rwanda. Inaanza kwenye mgodi wa koltani. Kijana mmoja, Tekno, anasimama kidogo kulitazama jiwe aliloliokota, na msimamizi anamuua kwa kusimama huko. Ndugu yake, Matalusa, anakimbia, na hatimaye anafika kijiji cha wadukuzi waliojificha, waliovaa na kujengea mabaki ya kompyuta. Mavazi hayo ni kazi ya msanii wa Rwanda, Cedric Mizero: nyaya, vibonye vya kompyuta, vyote vimekuwa vito. Mabibi harusi mtayapenda kwa macho tu. Mhusika mwingine mkubwa, Neptune, ni khuntha, jambo ambalo vitabu vya fiqhi vina mlango wake tangu zamani, hivyo halikutushtua kama lilivyowashtua wengine. Tunawaonya tu kwamba si filamu ya kutazama mbele ya baba mkwe.

Ina Kinyarwanda, Kirundi, Kiswahili, Kifaransa na Kiingereza. Pale Ujiji tukaona jambo ambalo kisiwani tusingeliona: mama wenye nyumba, Waha, walikuwa wakicheka kabla maandishi hayajatokea chini ya kioo. Kiha na Kirundi ni ndugu wa damu. Sisi wataalamu wa saibapanki ndio tuliokuwa tunasubiri tafsiri.

Alikuwapo pia jirani, fundi cherehani, aliyevushwa ziwa kutoka Kongo akiwa mtoto mwaka 1996, akakulia kambi ya Nyarugusu, Kasulu. Filamu ilipofika mgodini alinyamaza muda mrefu, kisha akasema udongo ule ni rangi ya kwao. Koltani hutoa tantalamu, na tantalamu ndiyo inayotengenezewa vifaa vidogo vinavyotunza umeme ndani ya simu. Kutoka Ujiji, siku ikiwa safi, milima ya Kongo unaiona kwa macho, na nyuma ya milima ya namna hiyo, Kivu, ndiko inakochimbwa. Tulikuwa watu kumi na mmoja mle sebuleni, na simu kumi na tatu. Fundi alizihesabu kwa sauti. Baada ya hapo hakuna aliyesema neno mpaka chai ilipoletwa.

Lakini saibapanki yenyewe ilikuwa chumba cha pili, na hatukuijua bado. Bi harusi ametupa ruhusa tuieleze, kwa sharti tusimtaje jina.

Baba yake ni mvuvi wa dagaa. Mbalamwezi ikikomaa dagaa hawafuati taa, mitumbwi inakaa ufukweni, na nyumba inaishi kwa akiba. Harusi ilipangwa, mapambo yametakiwa malipo ya awali, mchora hina naye anataka chake, na wiki ile ilikuwa ya mwezi mkubwa. Binti hakutaka kumwambia baba. Alikuwa na simu, na kwenye simu kulikuwa na tangazo la mkopo usiotaka dhamana. Aliomba laki moja na nusu. Ikaingia laki moja na kumi elfu. Alitakiwa arudishe laki moja na themanini ndani ya siku saba.

Tusiwe watu wa kuhukumu haraka. Anajua riba ni nini, amesoma madrasa kuliko wengine kati yetu. Alikuwa na miaka ishirini na mbili, na haya ya kumuomba baba asiye na kitu.

Kabla mkopo haujatoka, programu ilimuuliza maswali: iruhusiwe kusoma majina yaliyo kwenye simu? Iruhusiwe kuona picha? Hapo chini kulikuwa na neno moja la kubonyeza, RUHUSU. Mtu anaweza kusema basi hodi ilipigwa, na yeye akasema karibu. Sisi tunasema hodi hupigwa kwa mtu anayeweza kujibu hapana. Aliyesimama mlangoni na chakula mkononi, mbele ya mwenye njaa, hapigi hodi.

Siku ya nane, saa mbili asubuhi, ujumbe ukatoka. Ulikwenda kwa kila mtu aliyemo kwenye simu yake, na picha yake juu: huyu ni tapeli, amekuandika wewe kuwa mdhamini wake, mwambie alipe. Ulimfika mwalimu wake wa madrasa. Ulimfika muuza mawese, wifi zake, mwanafunzi mwenziwe aliyeko Dodoma. Ulimfika na yule aliyemwandika kwenye simu "Mama Mkwe In shaa Allah". Zilikuwa zimebaki siku nne ndoa ifungwe.

Mtaani mikopo hii inaitwa kausha damu. Hatujui nani alianza kuiita hivyo, lakini alikuwa na bibi kama wetu. Mumiani amerudi, na safari hii halazimiki kutoka nje usiku.

Binti alijifungia. Somo yake aliingia, akakaa naye, hakumuuliza kiasi. Wanawake wa nyumba walichanga pesa ikalipwa jioni ile ile, na jumbe ziliendelea siku mbili zaidi, kwa sababu mashine iliyopangiwa kutukana haina habari na risiti. Fundi simu wa Mwanga, kijana mdogo tu, ndiye aliyemwonyesha namna ya kuifuta ile programu na kuondoa ruhusa moja baada ya nyingine. Kisha shangazi akachukua kundi la michango ya harusi la WhatsApp, lililokuwa na watu zaidi ya mia, akatuma sauti yake, nusu Kiha nusu Kiswahili, haikufika hata nusu dakika: ujumbe unaomhusu mtoto wetu mmeupata, tumeshaumaliza. Anayeufuta ametusitiri. Anayeusambaza tutaonana jikoni.

Mnajua wenyewe maana ya kuonana jikoni na shangazi siku ya harusi.

Aliyebaki ni mama mkwe. Hakupiga simu, hakutuma mtu. Usiku wa hina alikuja kama kawaida, akampaka bi harusi wake kiganjani, akaimba kuliko wote. Ndoa ikafungwa. Siku ya tatu binti hakuweza kuvumilia tena, akamuuliza kama aliwahi kupata ujumbe wa ajabu. Mama yule akajibu: "Mwanangu, simu yangu hujaa upesi. Kila asubuhi nafuta." Akaendelea kuchambua mchele.

Kwenye vitabu, mashujaa wa saibapanki hupenya ngome za kampuni usiku kwa mashine na dawa za kulevya. Sisi tumemwona mmoja, ana miaka sitini na kitu, silaha yake ilikuwa kidole gumba.

Kwa faida yenu: Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza programu na majukwaa 69 ya mikopo yanayofanya kazi bila leseni. Pia ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Tume yake inayopokea malalamiko. Majina yaliyo kwenye simu yako ni taarifa za watu wengine pia, mama yako na somo yako wamo. Angalieni ruhusa mlizotoa. Fanyeni leo, kabla ya kuagiza keki.

Turudi vitabuni. Tulipokuwa tukimliwaza binti, kitabu tulichomwachia kilikuwa Alif the Unseen cha G. Willow Wilson, cha mwaka 2012, ambacho mwaka uliofuata kilipata tuzo ya World Fantasy. Mwandishi ni Mmarekani aliyesilimu na kuishi Cairo. Kisa kiko katika mji wa Ghuba usiotajwa jina. Alif ni jina la kificho la kijana mdukuzi anayewalinda watu mtandaoni dhidi ya mkaguzi wa serikali anayeitwa Mkono. Anampenda msichana wa ukoo mkubwa, Intisar. Msichana anamwacha, naye kwa uchungu anatengeneza programu inayomtambua Intisar kwa namna anavyoandika tu, hata akibadilisha jina na kompyuta, ili asimwone tena kamwe. Halafu Mkono anaipata programu ile. Chombo kilichoundwa na moyo uliovunjika kinageuka kuwa cha kuwasakia watu. Binti alisoma mpaka hapo, akakifunga, akasema: huyu mwandishi ameona simu yangu.

Na kuna majini. Kitabu kinawachukulia majini kama tunavyowachukulia sisi, viumbe walioumbwa na wenye mambo yao, si vichekesho vya filamu. Lakini mpenzi wetu hasa ni Dina, jirani wa Alif, aliyeamua mwenyewe kuvaa niqabu akiwa mdogo huku wazazi wake wakiona haya. Katika vitabu vingapi vya Kizungu mwanamke wa niqabu ndiye mwenye akili timamu kuliko wote mle ndani? Alif anajua mashine zote na hajui anachokiamini. Dina hana mashine hata moja. Kila mlango wa sura yake anaufungua yeye, kwa anayemtaka, wakati anaoutaka. Tukimfikiria Molly wa Neuromancer, aliyefunikwa macho kwa vioo alivyopachikwa usoni, tunaona wanawake wawili wanaokataa kutazamwa ndani. Mmoja alilipia daktari.

Mwili kufanywa ufunguo si jambo la vitabuni tena. Tangu Januari 2020 laini za simu zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilianza kuzimwa Tanzania, na bila laini huna pesa ya simu, huna mchango, huna biashara. Jirani mmoja pale Ujiji, bibi aliyekamua mawese maisha yake yote, ncha za vidole vyake zimelainika kama kokoto za ziwani. Mashine ilimkataa mara tano. Laini yake ni ya mjukuu, kwa hivyo akiwa na shida ya pesa, mjukuu anajua kabla ya Mungu kumjibu. Astaghfirullah, tumesema kwa mzaha, ila yeye hakucheka.

Kwa wanaotaka kitu kifupi, tafuteni Pumzi ya Wanuri Kahiu wa Kenya, ya mwaka 2009, dakika ishirini na kidogo. Vita vya maji vimepita, watu wanaishi ndani ya ukuta, jasho lao linasafishwa walinywe tena, na ndoto zinazimwa kwa vidonge. Asha, mtunza makumbusho, anapata udongo wenye unyevu na anakataa kuzimwa. Wengine watasema si saibapanki kamili. Kwetu imo: mashine inakunywa jasho lako na kukuuzia. George Alec Effinger, When Gravity Fails, watu hutupendekezea kwa sababu mji wake ni wa Kiislamu na adhana inasikika. Tulikifunga nusu ya njia. Adhana inasikika, lakini anayeisikia yuko baa kila mara. Kwa Kiswahili, aliye karibu ni marehemu Katama Mkangi na Walenisi yake ya mwaka 1995. Haina wadukuzi, ila ina chombo cha safari na mtu aliyehukumiwa ndani yake, na hasira ya kweli juu ya wenye nacho.

Alif wetu bado yuko Ujiji, hatujarudishiwa. Bi harusi anaandika kwamba sasa anamsomea mama mkwe wake jioni baada ya Isha, anatafsiri mwenyewe hapo hapo, na majini anawapa majina ya watu wa mtaani. Wamefika pale Dina anapojeruhiwa mkono. Mama mkwe amekataa kwenda kulala mpaka aambiwe kama yule mtoto ataolewa, na na nani, na kama huyo Alif ana kazi.